Kinyaa cha Fundo la Chikole

1

Method Lugendo alishusha kioo cha lori, akatema mate nje, kisha akakipandisha upesi kama mtu aliyefungua mlango wa choo cha stendi kwa bahati mbaya.

"Uniwie radhi, Daktari," alisema. "Hapa siwezi kuyameza. Yanageuka mdomoni."

Daktari Nyemo Chidawali, aliyekaa kiti cha abiria, hakumjibu. Yeye pia mate yalikuwa yamemjaa.

Walikuwa wamepanda daraja la Fundo la Chikole, makutano ya barabara kuu nje kidogo ya Dodoma. Kwa urefu wote wa daraja lile magari yalikwenda kinyume na desturi ya nchi nzima. Ukifika penye taa, barabara ilikuvusha ng'ambo, ukaendesha upande wa kulia hadi mwisho wa daraja, ndipo ukarudishwa kushoto kwako. Wahandisi waliolichora walikuwa na sababu nzuri. Kwa kubadilishana pande namna ile, anayetaka kushuka barabara ya chini hakulazimika kukatiza mbele ya anayekuja. Barabara zilifungamana na kufunguka bila gari kumsubiri mwenzake. Kwenye karatasi lilikuwa jambo la kupendeza.

Tatizo ni kwamba madereva hawaishi kwenye karatasi. Mtu aliyeendesha kushoto maisha yake yote, mikono yake ina akili zake. Akichoka, akipigiwa simu, akiwaza ada ya mtoto, mikono humrudisha kushoto, uso kwa uso na basi. Mwaka wa kwanza kuta za daraja zilioshwa damu mara nyingi hata watu wa zimamoto wakaacha kuuliza ajali imetokea wapi. Madereva waliwekewa taa, matuta, mabango, polisi. Malori yanayojiendesha yalikuwa yamepigwa marufuku baada ya mgomo mkubwa, na hakuna aliyetaka kuufufua ugomvi ule. Ndipo Mamlaka ya Mafundo ilipomwita Nyemo, mtafiti wa namna mwili unavyojifunza.

Aliwaambia kwamba kichwa husahau, tumbo halisahau. Mtu aliyekula samaki aliyeoza mara moja, harufu ile itamgeuza utumbo mpaka uzeeni. Akatengeneza punje, ndogo kuliko chembe ya ulezi, ya kuchomekwa chini ya ngozi nyuma ya sikio, jirani na mshipa unaoshuka kwenda tumboni. Dereva akielekea upande usio wake ndani ya Fundo, punje iliutekenya mshipa na kichefuchefu kikampanda. Akirudi upande wake, kinatulia. Kazi ilikuwa rahisi kuliko alivyotarajia, kwa sababu hakupanda kwenye pori. Kila mtoto wa nchi hii amekuzwa akijua mkono wa kushoto ni wa chooni, haupokelei wala haulishi. Nyemo alidondosha mbegu kwenye shamba lililokwisha kulimwa na mabibi zetu.

Serikali iliiita Kiongozi. Madereva waliiita tapishi. Hakuna aliyepewa leseni bila kuchomekwa. Walitapika majuma machache, kisha wakaacha, maana hawakukosea tena. Tangu hapo hakuna aliyekufa Chikole kwa kugongana uso kwa uso.

Nyemo mwenyewe alikuwa mtu wa kwanza kuchomekwa. Hakutaka kuweka kwenye mwili wa mtu kitu ambacho hakijapita kwenye wake.

"Ukitazama kule unaona nini?" alimwuliza Lugendo, akionyesha kwa kidevu upande wa kushoto wa daraja, magari yalikokuwa yakija.

"Magari."

"Na waliomo?"

Lugendo alikuwa mtu wa makamo, mzaliwa wa Mvomero, mwanakwaya, na kwa miaka mingi alikuwa akisafirisha mafuta ya alizeti kutoka Singida kwenda pwani. Chama cha madereva kilipomwambia Nyemo kwamba kuna jambo haliko sawa, kilimtaja yeye kwa kuwa hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Nikikwambia utaniona mtu mbaya."

"Niambie, kaka Lugendo."

"Naona wananuka. Najua hawanuki. Wamefunga vioo, wengine wamevaa suti. Lakini nikiwatazama naona kama funza wanavyochezacheza kwenye nyama. Na kinyaa kikiniingia hakitoki. Juzi mtu alinipa mkono kwenye mgahawa wa Kibaigwa, akasema tumepishana darajani asubuhi, ameikumbuka namba ya lori langu. Mtu mwema kabisa. Nikanyanyuka, nikaenda kunawa mpaka kiwiko."

"Nyumbani je?"

"Mke wangu nimemhamishia upande wa kulia wa kitanda. Nimemwambia ni kwa ajili ya feni." Hakucheka. "Hatuna feni upande huo. Anajua. Ananyamaza tu."

Nyemo alitazama magoti yake. Ladha ya nyongo ilimpanda, na safari hii hakujua kama ni punje au ni yeye mwenyewe.

2

Katikati ya daraja foleni ilipungua mwendo bila kusimama. Nyemo aliinua macho.

Upande wa kushoto, ng'ambo ya ukuta mfupi uliotenganisha njia, gari dogo jeupe lilikuwa limejibamiza kwenye nguzo ya taa. Pua yake ilielekea kule kule walikokuwa wakienda wao. Aliyeliendesha hakuvuka penye taa, alishika kushoto kama alivyozoea, akakutana na magari yaliyokuja, akayakwepa. Mvuke ulitoka kwenye boneti. Mkono wa mwanamke ulining'inia dirishani, na vidole vilikuwa vikicheza.

Magari yalipita kandokando yake, moja baada ya jingine, yamefunga vioo. Waliokuja upande ule waliliona gari lililowageukia kinyume, na miili yao ilikuwa imefundishwa kukichukia kitu hicho hicho. Dereva wa basi dogo alikuwa ameziba pua kwa kola ya shati. Abiria wawili, ambao lazima nao walikuwa na leseni, waligeuza nyuso. Mwenye pikapu alipunguza mwendo, akafungua kioo, akalitemea mate gari jeupe, akaondoka.

"Simama," alisema Nyemo.

Lugendo alikanyaga breki, lakini macho yake yaliganda mbele. "Gari la wagonjwa litakuja, Daktari."

Lilikuwa limekwisha kuja. Nyemo aliliona mwisho wa daraja, taa zake zikizunguka, milango imefunguliwa. Dereva wake alikuwa amechuchumaa kando ya tairi, ameshika tumbo. Mwenzake alikuwa amesimama na machela mkononi, anapiga hatua mbili, anarudi, anapiga tena, anarudi. Na wao walikuwa na leseni.

Nyemo aliteremka, akapanda ukuta, akashukia upande wa pili.

Harufu ilimpokea kama kofi. Alijua kilichokuwepo pale kwa kweli: petroli, maji ya rejeta, damu kidogo. Pua yake ilimletea maziwa yaliyochacha, kinyesi, nyama iliyoachwa juani ndani ya mfuko. Aliujua mshipa uliokuwa ukidanganywa. Angeweza kuuchora akiwa amefumba macho. Haikumsaidia kitu. Kila hatua ilikuwa kama kuingiza uso kwenye shimo la choo, na alipofika karibu kiasi cha kumgusa yule mwanamke, mkono wake ulikataa kunyooka.

Alikuwa mama mtu mzima, ushungi umemteleza mabegani, mguu umebanwa chini ya usukani. Midomo ilikuwa mikavu.

"Maji, mwanangu," alisema.

Nyemo alijaribu kusema nakuja. Badala yake alitapika, kwenye lami na kwenye viatu vyake, mbele ya macho ya yule mama. Na yule mama, huku damu ikimtiririka, aliuvuta ushungi wake polepole akajifunika uso, kama mtu aliyefumaniwa uchi.

"Nisamehe," alisema kutoka ndani ya kitambaa. "Nisamehe, mwanangu."

Mlango ulikuwa umekunjika na haukufunguka. Nyemo alirudi mbio kwenye ukuta.

"Kaka Lugendo, lete mtaimbo. Peke yangu siwezi."

Lugendo aliteremka na mtaimbo. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, na alifika ukutani kwa hatua za haraka. Hapo akatazama. Alishika ukuta kwa mikono miwili, akatapika mpaka hakikutoka kitu, kisha akabaki akikohoa huku machozi yakimtoka.

"Siwezi," alisema. "Mungu anisamehe, huyo siwezi kumgusa. Ameoza, Daktari."

"Hajaoza. Anaongea."

"Najua anaongea. Siwezi."

Nyemo alivua mtandio wake. "Inama," alimwambia, na Lugendo akainama kama mtoto anayevalishwa. Alimfunga macho, akakaza fundo kisogoni. "Usione. Shika bega langu, unifuate."

"Na wewe?"

"Mimi nitaona."

Alimvusha ukuta, mguu mmoja, kisha wa pili. Magari yaliendelea kuwapita. Mmoja aliwapigia honi ndefu ya hasira. Lugendo alilikaza bega la Nyemo, lakini gizani mle kinyaa hakikuwa na cha kushika. Mikono yake ilibaki mikono. Nyemo aliielekeza kwenye upenyo wa mlango, naye akauchomeka mtaimbo, akaegemea. Bati likalia, mlango ukaachia.

"Ni mwanamke?" aliuliza.

"Mwanamke."

"Umri gani?"

"Wa mama yako."

Nyemo aliingiza mikono chini ya makwapa ya yule mama. Shingo yake ilikuwa na jasho, na jasho lile kwenye vidole vya Nyemo lilikuwa kama ute wa kitu kilichokufa siku nyingi. Alitapika tena, akigeuza kichwa ili asimtapikie, bila kumwachia. Mguu ulipochomoka yule mama hakupiga kelele. Alitoa sauti ndogo kooni tu. Lugendo alimpokea mikononi, akamkumbatia kifuani kama mtu abebavyo mzigo wa mayai, na mtandio ule ukaanza kulowa chini ya macho yake.

Walimpeleka kwenye lori, maana wale wa machela walikuwa bado wanapiga hatua zao mbili.

Mara tu walipovuka ukuta, kila kitu kilikoma. Harufu ilizimika. Nyemo alimtazama yule mama aliyelazwa kitandani nyuma ya kiti cha dereva, akaona bibi mmoja mwenye nyusi nzuri na hina kwenye kucha, anayeumia sana. Lugendo alivua mtandio, akamtazama naye, uso ukamlegea.

"Pole, mama," alisema, kwa upole wa mtu aliyekutana naye dakika ile. "Pole sana. Tutakufikisha."

Nyemo alimsikia, na upole ule ukamchafua moyo kuliko matapishi yaliyokuwa kwenye viatu vyake. Ukuta wa zege usiofika kiunoni ndio ulioamua kama bibi huyu ni mtu au ni mzoga.

3

Jina lake lilikuwa Bi Arafa, mkunga mstaafu wa Kondoa. Alikuwa na leseni ya zamani, kutoka siku ambazo punje haikuwepo, na alikuwa ameazima gari la kijana wake aende kumwona mjukuu aliyezaliwa. Madaktari walimkata mguu chini ya goti. Wangeweza kuuokoa, walisema, kama angefikishwa mapema.

Nyemo alipokwenda kumwona alimkuta ameketi, anachezea ncha ya shuka.

"Ndiye wewe uliyenitapikia," alisema Bi Arafa. Hakusema kwa kulaumu.

"Ndiye mimi, mama."

"Nilikaa pale, nikawaona wanavyopita wanaziba pua. Nimezalisha wanawake miaka mingi, nimeshika kila uchafu unaotoka kwa binadamu, najua uso wa mtu anayesikia harufu. Nikasema, kumbe nimeshakufa. Nimekufa siku nyingi, na hawa wamekuja kunitazama nimeoza. Nikashangaa kwa nini hawajanizika." Aliiachia ncha ya shuka. "Walikuwa na nini wale watu?"

Nyemo alikuwa amejiandaa kueleza habari za mshipa na tumbo. Alifungua mdomo, akaona maneno yote aliyokuwa nayo yalikuwa ya kujitetea.

"Niliwafanya hivyo mimi," alisema.

Bi Arafa alimkazia macho kwa muda. Kisha akageukia ukutani, akabaki hivyo mpaka muda wa kutazama wagonjwa ulipokwisha.

4

Mkurugenzi wa Mamlaka ya Mafundo, mhandisi Fulgence Kisanga, hakuwa mtu katili. Hilo ndilo lililofanya mazungumzo yawe magumu.

"Kaa, Daktari," alisema. "Nimesikia. Nimetuma watu hospitalini, mama atapewa mguu wa kisasa, atatembea. Sasa nisikilize na mimi. Mwaka ule wa kwanza dada yangu alimzika mwanawe pale Chikole. Jeneza hatukulifungua, kwa sababu kichwa hakikupatikana chote. Tangu punje zako, hakuna mama aliyezika mwanawe hivyo. Unataka nimweleze nini dada yangu?"

"Wapo watakaokufa pale pale wakitazamwa, Mkurugenzi. Bi Arafa ni wa kwanza tuliyemjua."

"Rekebisha punje. Iambie iishie kwenye lami."

"Kinyaa hakiambiwi. Nilidhani nafundisha watu kuchukia njia. Mwili haujui njia, unajua watu. Wameanza kunawa wakishikana mikono. Wanawahamisha wake zao vitandani."

Kisanga alisugua paji la uso. "Jiji limeniandikia. Wanataka punje kwa wananchi wote, siyo madereva tu. Kuna wamachinga wanaopanga nguo na matunda barabarani, na kufukuzana nao kumewachosha. Wanasema, mteja akisikia kichefuchefu kidogo tu akiwakaribia, wataondoka wenyewe bila virungu. Wanaona ni ubinadamu zaidi."

Nyemo aliwaza akina dada wauza ndizi wa soko la Majengo, watu wanawapita wameziba pua, na wao hawajui wamekosa nini, wananusa nguo zao wenyewe. Alishika ukingo wa meza.

"Uliwajibu nini?"

"Kwamba nitakuuliza wewe."

Wote wawili walijua sheria iliyoruhusu punje: mtafiti mkuu, na yeye peke yake, angeweza kuzisimamisha akiona zina madhara. Tena zilivyofunda ndivyo zingeweza kufundua, kwa kuutuliza mshipa kila dereva anapotazama upande wa pili, mpaka kinyaa kifunguke kama fundo la kamba. Lakini kingefunguka chote. Mikono ingebaki na mazoea kidogo, na mazoea ya muda mfupi hayashindani na ya miaka thelathini.

"Ukifundua, watu watakufa," alisema Kisanga. "Siyo mimi nitakayekuhesabia. Utajua mwenyewe."

"Najua. Nipunguzie mwendo darajani. Inua ukuta. Niruhusu niwafundishe kwa kuwaendesha, polepole, mmoja mmoja. Lugendo na wenzake watanisaidia."

"Mwendo nitapunguza. Ukuta hauna bajeti. Kufundisha mmoja mmoja kutachukua miaka."

"Basi itachukua miaka."

Kisanga aliinuka, akaenda dirishani, akampa mgongo. "Fanya, basi," alisema. "Ila kwa dada yangu utakwenda wewe."

Alikwenda. Yule dada alimsikiliza mlangoni, hakumkaribisha ndani, na alipomaliza alifunga mlango taratibu. Alasiri ile Nyemo alitoa amri, punje zote zikaanza kufundua. Kinyaa chake kilipokwisha kufunguka, akaenda zahanati, akatolewa yake.

5

Kwa muda mambo yalikwenda vizuri kuliko alivyothubutu kutumaini. Madereva walipita Chikole kwa mwendo wa harusi. Lugendo alijitolea siku zake za mapumziko, akawa anawapandisha wenzake darajani, anawaambia watazame kule, wataje wanachokiona. Alisema mkewe amerudi upande wake wa kitanda.

Halafu, mchana mmoja wa jua kali, dereva wa pikapu iliyobeba matikiti alishika kushoto. Hakuwa mlevi wala mzembe. Alikuwa ametoka Manyoni alfajiri, amechoka, na mikono yake ikamrudisha ilikozoea. Alikutana na basi dogo.

Nyemo, aliyekuwa akifundisha mwisho wa daraja, alifika wakati vumbi lilikuwa bado halijatua. Matikiti yalikuwa yamepasuka kila mahali, na hakuweza kutofautisha kwa haraka wekundu upi ni wa nini. Nzi walikuwa wamewahi.

Na watu walikuwa wamewahi pia. Magari yalikuwa yamesimama pande zote mbili za ukuta, milango wazi. Mwanamume mwenye suti alikuwa amepiga magoti kwenye lami, amepakata kichwa cha dereva wa pikapu, damu imemlowesha hadi tumboni. Mwingine alikuwa anachana shati lake vipande. Wanawake wawili waliwatoa abiria wa basi mmoja mmoja, wakiwaita mama, wakiwaita kaka. Mtu alimnywesha mtoto maji kwa kiganja chake. Hakuna aliyeziba pua.

Moyo wa Nyemo ulitulia. Kitu cha joto kilimpanda kifuani, akasimama pale juani akiwatazama, akahisi tabasamu likianza kumjia.

Ndipo mwenye suti aliposema, "Amekwenda huyu," na kumfumba macho aliyekuwa amempakata.

Alikuwa kijana, ndevu ndiyo kwanza zinaota. Nyemo aliutazama ule uso, akajikuta bado ana lile joto kifuani. Alikuwa amefurahi. Mtu alikuwa anakufa kwa uamuzi wake, na yeye alikuwa amesimama hatua chache akifurahia jinsi anavyokufa vizuri. Alifika ukutani akishikilia mdomo, akatapika, na nyuma ya sikio lake hapakuwa na kitu isipokuwa kovu.

Mkono wa mtu ulimgusa mgongoni. Alikuwa mmoja wa wale wanawake wawili, mikono imejaa damu na maji ya matikiti.

"Pole, dada," alisema. "Ni ndugu yako?"

Nyuma yao wanaume walikuwa wametandaza turubai, wanahangaika kumwinua marehemu. Upande wa miguu palikuwa na mtu mmoja tu, na alikuwa anaelemewa. Nyemo alifuta mdomo kwa kiganja, akaenda, akainama, akaushika mguu wa kushoto.